Ng'ombe wa lita ishirini, majani ya lita tano

Kila mwaka mwezi wa nane pale viwanja vya John Mwakangale Uyole, Nane Nane ikishapamba moto, kuna kona moja haikosi watu nayo ni pale walipofungwa ng'ombe wa maziwa. Friesian amesimama anacheua zake, kibao kimeandikwa lita anazotoa kwa siku, watu wamemzunguka wanapiga picha na maswali ni yale yale, huyu bei gani, mtamba wake nampata wapi, mbegu yake ipo. Hatua chache tu kutoka hapo kuna vipando vya malisho, kuna majani tembo, kuna gwatemala, kuna desmodiamu, vyote vimepaliliwa vizuri na kijana wa watu kasimama na daftari lake anasubiri kuulizwa, hakuna anayemuuliza kitu, wanaopita pale wengi wanatafuta njia ya kwenda kwenye mishkaki.

Mimi nasema shida ya maziwa ya nyanda za juu kusini karibu yote unaiona hapo. Tumeshika sana habari ya damu ya ng'ombe, huyu nusu Friesian huyu robo tatu, huyu mbegu yake imetoka wapi, ila habari ya anakula nini tumeiacha iende yenyewe. Halafu mtu ananunua mtamba kwa mamilioni, anamshusha nyumbani Tukuyu au Mafinga au Igurusi huko, anazaa, anakamuliwa lita sita, na hapo ndio kesi inaanza, nimeuziwa chotara feki, dalali kaniingiza mjini. Unakuta dalali wa watu safari hii hana kosa lolote.

Twende kwenye hesabu maana hii kitu bila hesabu tutabishana mpaka kesho. Ng'ombe mwenye kilo 400 hivi anahitaji chakula kikavu karibu asilimia tatu ya uzito wake kila siku, yaani kama kilo 12. Nasema kikavu, ukishatoa maji. Sasa majani mabichi ni maji sehemu kubwa, kwenye kilo mia moja za majani tembo mabichi kitu kikavu unachopata ni kilo 15 mpaka 20 basi. Kwahiyo ili apate zile kilo 12 inabidi umwekee kwenye kihori kilo 60 mpaka 80 za majani, kila siku, na bado hujahesabu yale anayoyakanyaga na mabua magumu anayoyaacha. Furushi analoweza kubeba mama kichwani akapanda nalo kilima cha kwetu ni kilo 20, akiwa na nguvu sana 25. Hizo ni safari tatu mpaka nne kwa ng'ombe mmoja. Kwa mwaka unaongelea tani zaidi ya 20 za majani. Muulize mtu anayetaka kununua ng'ombe, tani 20 za majani unazo wapi, atakwambia majani si yapo tu.

Yapo tu. Hilo neno ndio limeua ufugaji. Yapo kando ya barabara, yapo kwenye mfereji, yapo mpakani na jirani, yapo pembeni ya shamba la chai la watu ambapo ukikutwa na mlinzi mnaelewana au mnakosana kutegemea ameamkaje. Mwezi wa pili na wa tatu kweli yapo, unakata mpaka unachagua, ng'ombe anashiba, lita zinapanda mwenyewe unajiona mtaalam. Ikifika mwezi wa saba, mvua imeshakata toka wa tano, hayapo. Watu wa Rungwe tuna unafuu maana kwetu mvua haiishi kabisa, ila ukitoka hapo ukaenda Mbozi, Mbarali, Iringa, kiangazi ni kikavu kweli na mvua unaisubiri mpaka Novemba huko. Na huko juu Njombe na Makete kuna kingine cha ziada, sakitu, ile barafu ya usiku juu ya majani, mwezi wa sita na wa saba majani tembo yanaungua usiku mmoja, asubuhi yamekuwa meusi. Hapo ndio unamkuta mtu anamlisha ng'ombe wa Ulaya migomba, na migomba ni maji kuliko hata hayo majani, tumbo linajaa na chakula hamna.

Ng'ombe mwili wake unapanga matumizi kuliko wengi wetu. Chakula kikiingia anajitunza yeye kwanza, kuhema, kutembea, kupasha mwili joto usiku wa baridi ya huku, kinachobaki ndio kinakuwa maziwa, na habari ya kushika mimba inakuwa ya mwisho kabisa. Sasa yule mwenye damu nyingi ya Friesian ana tabia moja mbaya kwa mfugaji mwenye majani machache, wiki za mwanzo baada ya kuzaa hata usipomlisha vizuri anatoa maziwa kwa kuyeyusha mwili wake mwenyewe. Unafurahi, lita 14, lita 15, unawapigia simu ndugu. Mwezi wa tatu mbavu zinahesabika, maziwa yameshuka ghafla, na haji kwenye joto, yaani hatafuti dume.

Hapo ndio gharama kubwa ilipojificha na watu hawaioni. Ng'ombe anakuja kwenye joto kila baada ya siku 21 na joto lenyewe ni la saa chache, ukimwona asubuhi anapanda wenzake au anatoa ute, jioni yake apandishwe, ukichelewa unasubiri siku 21 nyingine. Mwenye njaa haonyeshi joto kabisa, au anaonyesha kidogo usiku watu wamelala, au anapandishwa na hashiki. Mhimilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mrija bila dume, anaitwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mirija ya mbegu inatoka kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River Arusha, imesafirishwa na kutunzwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, inafika salama, halafu inaingia kwenye ng'ombe ambaye hajashiba toka Julai. Haishiki, na anayesemwa vibaya kijijini ni mhimilishaji. Mfugaji makini anatakiwa apate ndama kila miezi 12 au 13, sisi huku kuzaa baada ya mwaka na nusu na zaidi unakuta ni jambo la kawaida tu. Ukipoteza miezi sita kila uzao, kwenye uzao wa nne umeshapoteza miaka miwili mizima ya kumlisha ng'ombe asiye na kazi, na hiyo hasara hakuna anayeiandika popote maana haikuja na risiti.

Ndio maana napata shida nikisikia kila anayesimama jukwaani anaahidi mitamba na madume bora. Sio kwamba mbegu haina maana, inayo, zebu wetu wa kienyeji hata umlishe biskuti hafiki huko, lakini mbegu inaweka dari tu, unafika wapi chini ya hiyo dari inaamuliwa na kihori. Na kwa mfugaji wa kawaida mwenye nusu ekari, chotara wa kati anayetoa lita nane au kumi na kushika mimba kwa wakati anamlipa kuliko Friesian safi anayehitaji chakula cha watatu. Hili wenye madigrii wanalijua, ila lita nane hazipigiwi picha.

Tuongee kazi yenyewe sasa maana kuna watu mjini wanafikiri ni kununua ng'ombe na kuajiri kijana. Saa kumi na moja alfajiri na baridi ya Juni mtu ameshaamka, anasafisha banda, anachemsha maji, anaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi, anakamua mikamuo ya kwanza kwenye kikombe cheusi aangalie kama kuna mabonge maana hiyo ndio dalili ya ugonjwa wa kiwele, halafu anakamua bila kusimama kwasababu ng'ombe akishaachia maziwa una dakika kama tano mpaka saba hivi, ukiacha ukaenda kupokea simu ameshayabana. Ndama apewe yake. Maziwa yachujwe yaende kituo cha kukusanyia maziwa kabla jua halijawa kali. Ukirudi hapo unaanza safari za majani, na majani tembo sio majani ya kushika hivi hivi, yana vinywele vinawasha, angalia mikono ya mkata majani mzoefu kuanzia kwenye kiwiko kushuka utaona michirizi. Uyakate kate vipande, umwekee, umletee maji, na maji sio ndoo moja, kila lita moja ya maziwa inadai lita nne tano za maji juu ya yale anayokunywa kuishi tu, kwahiyo anayekamuliwa anamaliza lita 60, 70 kwa siku bila wasiwasi, na mabomba ya vijijini mnayajua. Jioni unarudia kukamua. Kesho yake hivyo hivyo, Jumapili hivyo hivyo, siku ya msiba wa jirani hivyo hivyo, siku ya Krismasi anataka majani kama kawaida.

Na nani anafanya hii kazi? Kwenye nyumba nyingi ninazozijua ni mama na watoto. Baba anajulikana kama mfugaji, jina lake ndio lipo kwenye daftari la ushirika na namba yake ya simu ndio inaingia malipo ya mwisho wa mwezi. Sitaki ugomvi na wanaume wenzangu ila hili lina uhusiano wa moja kwa moja na lita. Anayekata majani akiwa ndiye anayepokea hela, majani yanaongezeka. Akiwa anakata halafu hela anaisikia tu, atakata furushi moja badala ya matatu, na kwa kweli siwezi kumlaumu.

Kama unafikiri namlaumu mfugaji peke yake subiri kwanza. Zamani kulikuwa na utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, wazee wa Rungwe na Njombe wanaukumbuka vizuri, mashirika kama Heifer yaliuendesha sana na makanisa pia yakaubeba. Unapewa mtamba, akizaa ndama jike wa kwanza anaenda kwa familia nyingine, deni limekwisha. Watu wanasifia ile sehemu ya ndama kwasababu inapendeza kusimulia, lakini ujanja wa ule mpango mimi nauona mwanzoni kabisa. Kabla hujapewa ng'ombe unaenda semina, unajenga banda, na wanakuja kukagua majani. Hujapanda, hupati, nenda kapande urudi. Ng'ombe anashuka kwenye gari anakuta chakula kimeshasimama shambani. Saivi mtu anakopa benki au kwenye kikundi, anachoulizwa ni hati, wadhamini na biashara nyingine ya kurudishia mkopo, hakuna anayeuliza majani yako yako wapi. Yaani tumeendelea kwenye kila kitu tukaacha swali moja ambalo ndio lilikuwa la maana.

Halafu kuna ardhi. Nyanda za juu kusini kwa sasa ardhi ina wachumba wengi. Rungwe na Njombe parachichi limeingia kwa kasi, Mufindi na Njombe misitu ya misindano na mikaratusi, chai ipo toka enzi za wakoloni, viazi mviringo ndio hela ya haraka, na mahindi hayo huwezi kumwambia mtu aache. Majani yanapewa mpaka wa shamba, mtaro, na ile kona yenye mawe. Mtu akikuona umepanda majani tembo nusu ekari nzima kwenye ardhi nzuri anakuona umechanganyikiwa, analima majani!

Ila angalia kichekesho chake. Huyo huyo mwenye parachichi anatafuta samadi kwa tochi, Fuso na kirikuu zinazunguka vijijini kununua samadi, mtu analipia mzigo wa kinyesi kutoka kijiji cha tatu. Ng'ombe mmoja wa kilo 400 anatoa kilo 20 na zaidi za kinyesi kibichi kwa siku, ukichanganya na mkojo na majani aliyoyaacha una lundo la maana kila mwezi. Kwahiyo nusu ekari ya majani haijapotea, inapita kwenye tumbo la ng'ombe inatoka maziwa upande mmoja na mbolea upande mwingine, na mbolea inarudi kwenye migomba, kahawa na hayo maparachichi. Wanyakyusa walilijua hili kabla ya mtaalam yeyote, migomba na ng'ombe vilikaa pamoja nyumbani. Kilichobadilika ni kwamba ng'ombe wa zamani alikuwa mdogo na malisho yalikuwa mapana, saivi ng'ombe kawa mkubwa na malisho yamekuwa ukingo wa njia.

Najua wapo watakaosema tatizo ni bei, kiwanda kinatuonea. Bei ni tatizo kweli, sibishi. Tuchukulie kituoni wanapokea lita kwa shilingi 1,000, halafu uende dukani uone paketi ya nusu lita inauzwaje, roho inauma. Lakini ukae na daftari uone hela inapotelea wapi. Mfugaji asiye na majani anajaribu kuziba pengo kwa pumba na mashudu ya alizeti. Hesabu ya haraka haraka ni kwamba majani mazuri ya kushiba yanaweza kubeba lita tano mpaka saba hivi peke yake, halafu kila kilo moja ya chakula cha mchanganyiko inaongeza kama lita mbili juu yake. Juu yake, sio badala yake. Usipokuwa na majani, zile kilo za pumba zinaenda kuziba lile shimo la chini la kumfanya ng'ombe aishi tu, umenunua chakula cha bei ya dukani kufanya kazi ambayo jani lingefanya karibu bure. Hapo hata kiwanda kikipandisha shilingi 200 zinaishia kwa muuza pumba, naye kiangazi anapandisha bei maana anajua mnarudi.

Na kiwanda nacho kiko kwenye mtego huo huo. Ukiwa na Asas pale Iringa au kiwanda cha Njombe kilichoanza kwa msaada wa Waitaliano, una mashine, una umeme, una wafanyakazi wa kulipwa mwezi Machi na mwezi Septemba sawa sawa. Masika maziwa yanakuja mengi, kiangazi gari linazunguka vituo vile vile kwa mafuta yale yale linarudi na keni nusu. Viwanda vingi vya maziwa nchini vinafanya kazi chini ya uwezo wake na sehemu ndogo sana ya maziwa yetu ndio inapita kiwandani, kubwa inanywewa nyumbani au inauzwa kwa jirani na kwenye migahawa. Mwenye kiwanda hawezi kukupa bei ya kueleweka kwa maziwa yanayopotea nusu mwaka. Kuna habari ya maziwa ya jioni pia, vituo vingi vinapokea asubuhi tu na ya jioni unajua mwenyewe, hiyo ni hoja nyingine na inahitaji umeme na matanki ya baridi, leo siigusi.

Kuna kitu kinatokea vituoni kiangazi nataka nikieleze kwa kirefu kidogo maana kinaumiza watu na wengi hawajui chanzo. Mama mmoja anafika na keni yake asubuhi, ameamka mapema, vyombo visafi, kijana mpokeaji anamsalimia shikamoo mama, anazamisha laktomita, kile kipimo cha kukamata maziwa yaliyoongezwa maji, inasoma vizuri tu 29, hamna maji. Halafu anachukua maziwa kidogo kwenye kichupa anaweka spiriti kipimo sawa, anatikisa, anaangalia kwenye mwanga. Yamekatika, vimabonge vidogo pembeni ya kioo. "Mama samahani, haya siwezi kupokea." Mama anasema mwanangu nimekamua saa hii, yaonje, hayajachacha. Kijana anaonja, kweli hayajachacha, lakini kipimo kimekataa na nyuma kuna foleni, anamwandikia yamerudi. Mama anaondoka amekasirika, anajua ameonewa kwasababu hana undugu na mtu pale.

Hakuna aliyemwonea. Maziwa yanaweza kukatika kwenye spiriti bila kuchacha, na sababu moja inayojulikana ni ng'ombe aliyekaa na njaa, au yuko mwisho mwisho wa kukamuliwa, mpangilio wa chumvi na protini kwenye maziwa unayumba, spiriti inayakamata. Kwahiyo lile furushi lililokosekana wiki mbili tatu limemfuata mama mpaka kituoni. Na hapo sijui kama hata yule kijana amefundishwa kumweleza, angemwambia tu mama ongeza chakula cha ng'ombe pengine angerudi wiki ya pili yamepita. Nadhani hili wanaosimamia vituo wanaliweza bila kusubiri bajeti ya wizara.

Sasa kufanya nini. Sitaki kujifanya afisa mifugo ila vitu vingine viko wazi. Majani ni zao, yapewe shamba na yapewe mbolea. Majani tembo yakatwe yakifika urefu wa mita moja hivi, yale ya kufika juu ya paa tunayoyaonea fahari ni mabua, ng'ombe anatafuna anajaza tumbo protini hamna. Kwa hesabu ya kawaida ekari moja iliyotunzwa inabeba ng'ombe mmoja mkubwa, ukimwaga samadi kisawasawa na kuchanganya desmodiamu katikati ya mistari eneo linaweza kupungua. Kwenye miteremko ya Rungwe na Ileje gwatemala ikipandwa kwenye kingo za matuta inashika udongo usiende mtoni, hapo hujapoteza hata mstari mmoja wa mahindi. Huko juu kwenye sakitu usilazimishe majani tembo, tafuta yanayovumilia baridi, kituo cha utafiti wa mifugo kiko Uyole hapo, uliza.

Na hili la kuhifadhi ndio linanishangaza zaidi. Mikoa hii ndio ghala la mahindi la nchi, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Rukwa, halafu baada ya mavuno mabua yanachomwa moto mwezi ambao ng'ombe wanakonda. Kipande cha mahindi robo ekari ukikivuna kingali kibichi, punje bado laini, ukakatakata, ukashindilia kwenye shimo au kwenye mifuko ya plastiki migumu mpaka hewa yote itoke, ukafunika kabisa, baada ya wiki kama sita una saileji inayokaa mpaka mwezi wa kumi. Siri yake ni kushindilia tu, hewa ikibaki inaoza, unafungua unakuta ukungu na kilo zote zimeenda. Watu wanajaribu mara moja, inaoza, wanasema saileji ni ya wazungu. Hata mabua makavu yenyewe ukiyakata na kuyanyunyizia molasesi ni bora mara mia kuliko migomba.

Kwa asiye na ardhi kabisa nako kuna njia, pembezoni mwa Tukuyu na Mbeya mjini watu wameshaanza kuuza majani kwa furushi, na mimi naona hii ndio biashara ya kijana ambaye anaota ng'ombe na hana mtaji wa ng'ombe. Ekari moja ya majani haihitaji daktari, haipati ndigana, haiibiwi usiku, na kiangazi wenye ng'ombe watakufuata wenyewe. Uza majani miaka miwili, ng'ombe utamnunua kwa hela ya wafugaji wasio na majani.

Halmashauri zina ile mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na vikundi vingi huku vinaombea ng'ombe wa maziwa. Afisa mifugo wa kata aende shambani kwanza, kama kikundi hakina majani yaliyosimama mkopo usubiri msimu mmoja, hela ya mwanzo itoke ya vipando na mashine ya kukatia, ng'ombe awamu ya pili. Watalalamika, watasema urasimu, wanasiasa hawatapenda kwasababu huwezi kukata utepe kwenye shamba la majani. Vipando vinapandwa mvua za mwanzo Novemba, Desemba, na kukata kwa kwanza ni miezi mitatu minne mbele, kwahiyo kikundi kinachotaka ng'ombe mwakani kijulikane mwaka huu kabla mvua hazijaanza.